Swali la Tatu

Mlandege, Iringa
Jumapili, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Obeid,

Kamwene. Sisi huku wazima. Mvua imeshika vizuri, mahindi ya uani yamenifika kiunoni, na Lusia amepewa darasa la Shule ya Jumapili, wale wadogo wanaolia wakiachwa na mama zao. Cherehani yangu ya zamani imegoma kabisa, siku hizi nashonea ya Lusia. Msalimie Tumpe na Tusajigwe.

Salamu zimeisha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu namba yako nimeifungia tangu jana. Kwenye simu wewe hunihubiria. Nikisema neno moja unaleta kumi, na Amina juu. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha ofisi ya vifurushi hapo Mwanjelwa, na jibu lako lije kwa njia hiyo hiyo.

Jana jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu kumi na saba, nimepika chai ya maziwa na viazi. Mama Bertha, kiongozi wetu, akaja na flashi. Akasema leo hatusomi kitabu cha masomo, tumeletewa filamu fupi kutoka Mbeya, dakika tisa tu, na mwinjilisti aliyeitengeneza ni mdogo wake mama mwenye nyumba. Watu wakanipigia makofi. Nikafurahi, Obeid. Nikaifuta runinga vumbi kwa khanga yangu mwenyewe.

Halafu nikajiona.

Msichana wa miaka kumi na tisa amesimama mbele ya kanisa, ana mimba, amevaa sweta la kijani la mama yake linalomfika magotini. Ametengwa, na leo anatubu hadharani ili arudishwe kundini. Baba yake ndiye mwinjilisti. Baba anasema mbele ya watu wote, "Nyumba ya mwinjilisti haina mlango wa nyuma." Maneno ya baba yetu, Obeid, neno kwa neno. Na ulikuwa na miaka kumi na miwili, umekaa na kwaya ya watoto, kumbe ulikuwa unanukuu. Tena msichana umemchezesha Tumpe, mkeo. Wifi yangu ndani ya sweta langu.

Miaka inapita kwenye filamu yako. Baba anaugua kijijini. Binti anatumiwa ujumbe mara tatu. Mwishowe anakuja, anafika mpaka mlango wa chumba cha baba yake, anasimama. Hapo Mama Bertha akasimamisha, kama ulivyoelekeza kwenye ile karatasi yako: simamisha, uliza maswali, ndipo uonyeshe mwisho. Swali la kwanza watu wakajibu. La pili wakajibu. La tatu: "Kwa nini binti aligeuka mlangoni?"

Jirani yangu mmoja akasema binti ana moyo wa jiwe. Mwingine akasema ni kiburi cha mimba za ujanani. Bibi Veronika, ambaye mwaka tisini na tisa alikuwa amekaa benchi la akina mama, akasema polepole, "Sweta hilo mimi nalikumbuka." Watu kumi na saba wakageuka kunitazama nikiwa na birika mkononi. Kisha wakaona mwisho: baba anakufa, binti analia kaburini amechelewa. Mama Bertha akafunga kwa sala, akawaombea mabinti wote wasiosamehe wazazi wao, na mkono wake akauweka begani kwangu.

Walipoondoka Lusia akaniuliza, "Mama, kwa babu kweli ulirudia mlangoni?" Mwaka alipougua babu yake yeye alikuwa shule ya bweni, hakuona kitu.

Obeid, mimi kwa baba nilikwenda au sikwenda? Nijibu hilo. Na hiyo filamu uiondoe. Nimesikia mwezi wa nane umealikwa semina ya uinjilisti hapa usharikani kwetu, na kitambaa kikubwa cha kuonyeshea kimeshapatikana. Isiletwe.

Ni mimi dada yako,
Damari Kalinga

* * *

Mwanjelwa, Mbeya
4 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa katika Bwana,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini mmeadhimisha Pasaka kwa furaha. Sisi tunaendelea kwa neema. Tusajigwe ameng'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele ya wageni. Tumpe anakusalimu. Tope la huku sokoni mwaka huu halielezeki, tunavaa mabuti hadi ibadani. Barua yako ilikaa sana kwenye vifurushi, na baada ya hapo tulikuwa na juma la mateso, utanisamehe kwa kuchelewa.

Nimeisoma kwa machozi. Lakini dada, nikueleweshe kidogo kuhusu huduma hii. Filamu siyo picha ya mtu. Ni mfano. Bwana mwenyewe alifundisha kwa mifano, na hakuna aliyemfuata kumuuliza yule mwana mpotevu ni wa ukoo gani. Mtu wa leo ukimpa mahubiri ya saa nzima anasinzia. Ukimpa dakika tisa, ukasimamisha pazuri, ukamuuliza yeye angefanyaje, analia mwenyewe. Tumeshafika jumuiya arobaini na mbili. Kule Makongolosi kijana mmoja mchimbaji, anaitwa Mwigulu, aliitazama Jumatano, Alhamisi akapanda gari kwenda Usangu kumwona mama yake, baada ya miaka saba. Nikiiondoa, Mwigulu nitamwambia nini?

Anayetazama akajiona, mara nyingi ni Roho anamgusa mahali. Pengine, dada, kilichokuumiza siyo filamu. Hasira ni mzigo. Mimi nakuombea uutue.

Mchungaji wenu amenithibitishia tarehe nne Agosti. Tutaonana na tutazungumza kwa upendo.

Mdogo wako katika shamba la Bwana,
Mwinj. Obeid Kalinga

* * *

Mlandege
11 Aprili 2024

Obeid,

Marahaba. Lusia mzima. Mahindi yanaanza kubeba. Mwambie Tusajigwe meno yataota.

Umeniandikia kurasa tatu na hakuna sentensi hata moja inayosema kama nilikwenda au sikwenda. Nimezipitia mara nne kwa kalamu nyekundu ya Lusia. Hakuna! Mwigulu yumo, mwana mpotevu yumo, tope la Mwanjelwa limo. Jibu langu halimo.

Basi nikuandikie mimi, naona umesahau. Mwaka 2015, mwezi wa sita, baba alipooza kuanzia kiunoni kwenda chini, nyumbani Kilolo. Mama alikuwa ameshatangulia. Baba mdogo Sosthenes alinipigia saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nilikuwa nimefika, na sikubisha hodi, niliingia. Nikakaa siku kumi na tisa mpaka tulipomzika. Ujumbe wa mara tatu haukutumwa kwangu. Ulitumwa kwako, Makongolosi, ulikokuwa unachimba dhahabu, na niliuandika mimi kwa simu ya Baba mdogo. Wa kwanza ulijibu, "Nakuja." Wa pili, "Kesho kutwa." Wa tatu hukujibu kabisa. Ukaja siku ya mazishi umevaa koti jipya, ukabeba msalaba mbele ya jeneza, na watu wakasema mtoto wa kiume amefika.

Sikusema kitu. Miaka tisa sikusema, hata ulipookoka, hata ulipopewa uinjilisti. Nilisema ni mdogo wangu, atakuja kusema mwenyewe. Kweli umesema! Umesema kwa mdomo wa mkeo, umemvalisha sweta langu. Umechukua aibu yangu ya mwaka tisini na tisa ukaishonea kosa lako la mwaka elfu mbili kumi na tano. Mimi ni fundi, kiraka nakijua hata kikipigwa pasi. Huo mlango tu ndio sijui umeutoa wapi, maana mimi niliingia na wewe hukuja.

Na huyo Mwigulu namfurahia kwa dhati. Ungemwambia kwamba aliyeshindwa kwenda kwa mzazi wake alikuwa mchimbaji kama yeye, angekuelewa siku ileile ya Jumatano.

Sasa sikiliza ninachopoteza. Mwaka huu walikuwa wamenipendekeza kuwa mzee wa kanisa. Mimi, niliyesimamishwa pale mbele. Juzi mchungaji ameniita ofisini, kwa upole kabisa, akaniuliza kama kuna jambo halijaisha kati yangu na marehemu baba. Nikamwambia nilimuuguza. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Shahidi wangu alikuwa Baba mdogo Sosthenes, na yeye yuko kaburini. Lusia hajaniuliza tena, na hilo ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu mtoto yule akiacha kuuliza ujue ameshaamua.

Nina hasira na wewe, Obeid. Usiniombee. Nijibu.

Damari

* * *

Mwanjelwa
9 Juni 2024

Dada Damari,

Shikamoo. Bwana asifiwe sana. Naomba radhi kwa ukimya wa miezi miwili. Nilikuwa ziara Chunya, niliporudi Tumpe akaugua malaria, kisha mashine yetu ya kuhariria picha ikaharibika. Sasa Tumpe hajambo. Baridi imeanza, asubuhi majani ya viazi yanaamka yameungua. Tusajigwe ameota jino moja.

Nimelitafakari jambo lako, nikaona tufanye hatua za upatanisho. Kwanza, filamu nimeiondoa kwenye kundi letu la wasapu. Waliokwisha kuipokea sina uwezo nao. Pili, kijana wetu wa kuhariri anasema sweta linaweza kubadilishwa likawa la bluu. Tatu, yale maneno ya baba tunaweza kuyafuta na kuweka muziki juu yake. Nadhani hapo atakayekukumbuka hatakuwepo tena.

Kuhusu mambo ya Makongolosi, dada, kila mtu ana bonde alilopita. Bwana ananijua. Nisingependa tuyafukue kwenye karatasi zinazopita mikononi mwa makondakta.

Nabaki mdogo wako,
Obeid

(Karatasi ndogo ndani ya bahasha hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine)

Wifi Damari, shikamoo. Karatasi hii naiingiza kabla hajaifunga bahasha. Barua zako zote mbili nimezisoma. Mimi sikujua, nakuapia. Aliniambia ni habari ya mtu wa Chunya. Alinifundisha namna ya kusimama: nitazame sakafu, na vidole nivifiche ndani ya mikono ya sweta. Nikamuuliza amejuaje. Akasema wanawake wote husimama hivyo. Sasa kila siku namuuliza kwa nini hakwenda kwa baba yake. Ananiambia yuko kwenye maombi. Wifi, nimekosa, nisamehe. Mimi Tumpe.

* * *

Mwanjelwa
15 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Tumpe mzima, ingawa hapa nyumbani hatuzungumzi sana. Sijapata jibu lako na naelewa.

Nakutumia flashi. Ni filamu mpya, dakika nne. Nimekaa mwenyewe mbele ya kamera na nimesema kwamba kwa baba wewe ulikwenda na mimi sikwenda. Waonyeshe jumuiya Jumamosi tarehe tatu Agosti. Siku ya semina nitaionyesha hii na ile ya zamani sitaileta. Kwenye jumuiya mimi sitawahi, ratiba imebana, nitaingia Iringa Jumapili alfajiri.

Nadhani kwa hili utapata ulichotaka.

Obeid

* * *

Mlandege
21 Julai 2024

Obeid,

Marahaba. Tumevuna, magunia manne. Tumpe mwambie sina neno naye, na kwamba alisimama vizuri. Hivyo ndivyo nilivyosimama.

Filamu yako nimeitazama na Lusia, milango imefungwa. Umepiga picha nzuri. Dirisha liko upande wako wa kushoto, mwanga unakuangukia shavuni. Nyuma yako kuna Biblia imefunguliwa, na mbele yako kwenye stuli kuna glasi ya chai. Unaanza kusema, chai imejaa. Unafika kwenye jina la baba, chai iko nusu. Unalia, unajifuta, na chai imejaa tena!

Lusia ndiye aliyeiona kwanza. Akasema, "Mama, amerudia." Tukaiangalia tena kwa makini. Umerudia pale unapolia, Obeid. Mara ngapi? Uliambiwa na nani kwamba kilio cha kwanza hakikutosha?

Mimi mwaka tisini na tisa niliposimama hakuna aliyeniambia nirudie. Nilijikwaa kwenye ngazi nikipanda, nikajikwaa nikishuka, sauti ilinikauka nikasema "natubu" kama chura, na watoto wa kwaya mkacheka. Wewe pia ulicheka. Hakuna aliyekata pale. Watu wananikumbuka hivyo hadi leo. Na wewe unaniletea toba uliyochagua iliyo nzuri kuliko zote, halafu unasema ratiba imebana.

Tena humo unasema hukufika "kwa sababu ya majukumu ya kazi." Majukumu!

Nitakwambia nilichokuwa sijakwambia, na sikukisema kwa ajili ya heshima ya baba, siyo yako. Mtu aliyepooza lazima aogeshwe. Baba mdogo Sosthenes alikuwa na mkono mmoja mkavu, aliweza kunisaidia kumgeuza basi. Wanaume wa kijiji walikuwa tayari kumbeba akifa, siyo kumwogesha akiwa hai. Hiyo ilikuwa kazi ya mtoto wake wa kiume. Binti kumwona baba yake utupu ni mwiko, unajua, na baba alijua, na mimi nilijua. Siku mbili za kwanza tulikusubiri wewe. Baba alilala katika uchafu wake siku mbili akikusubiri, kwa sababu ulisema unakuja. Siku ya tatu nikachemsha maji nikaingia.

Alijifunika uso kwa taulo. Mzee Kalinga, aliyenisimamisha mbele ya kanisa zima bila kupepesa jicho, alijifunika uso nisimwone akinionea aibu. Kila asubuhi hivyohivyo. Nilimwogesha mtu asiye na uso. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumwomba. Siku ya tisa, nikiwa katikati ya kumwosha, akalitoa taulo mwenyewe na hakujifunika tena mpaka alipokufa. Kwangu hiyo ilitosha, Obeid. Hiyo ndiyo samahani pekee niliyopata kwa baba yangu, na nimeishi nayo miaka tisa.

Sitaonyesha flashi yako. Tarehe tatu jumuiya iko kwa Bibi Veronika. Saa kumi na mbili na nusu. Njoo kwa miguu yako, usimame, ujibu swali lako la tatu. Usipokuja, Jumapili utakapopanda madhabahuni nami nitapanda. Ngazi zile nazijua.

Damari

* * *

Mwanjelwa
12 Agosti 2024

Dada yangu Damari,

Shikamoo. Tulifika salama mimi na mizigo ya semina. Tusajigwe ameanza kucheka tena. Tumpe amenipikia na tumekula meza moja, jambo ambalo halikuwepo tangu Juni.

Dada, tangu Jumamosi ile nalala usingizi. Nilikuwa nimebeba kitu tangu 2015 na sikujua uzito wake mpaka nilipokitua pale kwa Bibi Veronika. Nilipokuwa naandika ile hadithi mara ya kwanza, nilianza na mvulana. Kila nikimfikisha mlangoni kalamu inagoma. Nikaweka binti, ikaenda yenyewe. Nilidanganya kwa urahisi, na hilo linanitisha.

Sasa nina amani. Naomba unifungulie namba, na nakuomba kwa unyenyekevu, uniambie kwa mdomo wako kwamba umenisamehe, ili hili tulizike.

Mdogo wako,
Obeid

* * *

Mlandege
2 Septemba 2024

Obeid,

Marahaba. Lusia anakusalimu, na hiyo ni salamu yake mwenyewe, sikumwagiza. Mchungaji amekuja nyumbani, amekunywa chai, amesema jina langu linaendelea kwenye orodha ya wazee. Nimemwambia nitafikiri.

Umepata amani. Nimefurahi. Sasa nikwambie mimi nimepata nini.

Ulianza vibaya pale kwa Bibi Veronika, wewe mwenyewe unajua. Bwana asifiwe mara tatu, kisha ukataka kutoa kisa cha mtu mmoja wa Chunya. Bibi Veronika akakukata: "Mwanangu, jibu au keti. Uji unapoa." Ndipo ukasema. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba hukuja. Miaka tisa nimeishi na mdogo wangu ambaye hakuja, nilimzoea.

Kumbe ulikuja.

Ukasema siku ya tisa ulishuka Kilolo asubuhi, ukatembea hadi nyumbani, ukapita jikoni, ukakuta mlango wa chumba cha baba umeachwa wazi kidogo. Ukaniona nimepiga magoti na beseni, nimekupa mgongo. Ukamwona baba hana nguo. Ukasema, na hapo kamasi zilikuwa zinakutoka na hakuna aliyekwambia urudie, "Nilijua nikiingia dada atanipa kitambaa." Ukageuka. Usiku ulikuwa umerudi Makongolosi. Watu wote chumbani walilia. Mama Bertha alinishika miguu akaniomba msamaha. Hata mimi nililia, na mwenyewe ukadhani ninalia kwa furaha.

Siku ya tisa, Obeid. Hesabu.

Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Baba alikuwa ameuelekea. Siku ya tisa baba alitoa taulo usoni, na nimejua tangu siku ile kwamba alilitoa kwa ajili yangu, kwamba alichoka kunionea aibu, kwamba mtoto wake amekuwa mtoto wake tena. Sasa sijui. Pengine alisikia hatua zako jikoni. Pengine alilitoa ili akuone. Na kama alikuona, basi alikuona ukigeuka, na siku kumi zilizobaki hakujifunika kwa sababu hakuwa na mtu wa kumngoja tena. Nimelala na kuamka na hilo tangu tarehe tatu. Nikishona nalifikiria, nikisali nalifikiria. Hiyo amani unayoniandikia umeichukua kwangu, na hata hukujua kwamba unachukua.

Sikukukataza usiseme. Nilikwambia useme. Ilikuwa kweli na ilipaswa kusemwa, na ningekwambia useme tena. Lakini usiniombe nifurahi.

Unauliza kama nimekusamehe. Bado. Siku ikifika nitakwambia mwenyewe, wala haitakuwa kwenye jumuiya wala mbele ya kamera ya mtu. Tumpe na mtoto waje Krismasi, chumba kipo. Na wewe njoo nao, maana watoto hawasafiri bila baba.

Nimalizie na hili. Wiki hii peke yake watu wanne wamenitumia ile filamu yako ya kwanza. Sweta la kijani, maneno ya baba, kila kitu. Mmoja ni mjukuu wa Baba mdogo Sosthenes, anaishi Makambako, ameniandikia, "Shangazi, hii imenigusa, tazama mwisho wake." Umeshatubu, semina imeshapita, na binti bado anageuka mlangoni kila siku kwenye simu za watu nisiowajua. Wapi sijui, Songea, Sumbawanga, Dodoma, na watu wamekaa kwenye viti wanasema ana moyo wa jiwe.

Kwanza nilikuwa nawaeleza mmoja mmoja. Nimechoka, sielezi tena. Kila anayenitumia namrudishia namba yako ya simu na maneno haya: "Jibu la swali la tatu analo huyu. Mpigie, muulize kwa nini aligeuka." Hao wanne wameshapewa. Mama Bertha naye nimempa namba aisambaze kwa viongozi wote wa jumuiya, na amekubali.

Kwa hiyo, simu ikilia na namba huijui, usimwachie Tumpe. Usimtumie mtu filamu. Usiseme uko kwenye maombi. Pokea, taja jina lako, ujibu. Akipiga mwingine, jibu tena tangu mwanzo.

Dada yako,
Damari